Sumaku Iliyopimwa Nikiwa Gisenyi

Vijana wangu, mtu aliyezeekea kwenye kazi yangu mtamtambua kwa mifuko yake. Haina kitu. Hakuna funguo, hakuna sarafu, hakuna kalamu yenye kishikizo cha chuma. Mpaka leo nikishuka sokoni hapa Gisenyi, ufunguo wa nyumba nauvaa shingoni kwa kamba ya kitambaa, tayari kuuvua, na akina mama wanaouza sambaza, vile visamaki vya ziwani, wananicheka: "Tantine Spès, we uko mutoto wa shule?" Nawajibu ndiyo, na wananiongezea samaki kidogo kwa huruma.

Jina langu ni Spesioza. Wazazi wangu walinizaa Karagwe, Tanzania, wakati familia ilipokuwa ukimbizini, ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kuliko chenu, na msinichukie kwa hilo. Tuliporudi, mama alipata shamba la maharage Nyakiriba, mimi masomo yakanipeleka mbali, na mwisho nikajikuta kwenye maabara kubwa ya Ulaya ambako watu wanagonganisha chembe ndogo kabisa ili waone zimeundwa na nini. Nimefanya kazi huko mpaka nilipostaafu. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kupima sumaku kabla haijafungwa.

Najua mnavyonitazama. Sumaku inapimwa nini?

Sikilizeni. Sumaku yetu kubwa ilikuwa kama pipa lililolazwa, pana kiasi kwamba gari la kubeba viazi lingeingia ndani na kutokea upande wa pili. Kuzunguka pipa hilo kulikuwa na waya zilizopozwa kwa heliamu ya majimaji, baridi ambayo hapa duniani haipo popote ila mtu aitengeneze. Waya zikipoa kiasi hicho zinaacha kabisa kuuzuia umeme. Umeme unazunguka humo bila kupotea, na sumaku inakuwa na nguvu za kutisha. Chembe ikipita ndani, njia yake inapinda. Kwa kupima ule mpindo, mnajua chembe ilikuwa na kasi na uzito wa namna gani. Sasa, kama hujui sawasawa nguvu ya sumaku ni kiasi gani pale katikati, pale pembeni, kule mwishoni, utausoma mpindo vibaya, na kila utakachotangaza baadaye kitakuwa kimepotoka.

"Si mmeijenga wenyewe?" Kila mgeni aliuliza hivyo. Tuliijenga, ndiyo. Na fundi anashona gauni kwa vipimo, lakini bibi harusi bado analijaribu kabla ya Jumamosi. Tena kwetu kujaribu kulikuwa mara moja tu. Pipa likishajazwa vigunduzi, yaani vyombo vya kunasa njia za chembe, halina nafasi ya kuingiza hata mkono, na litabaki hivyo mpaka mwisho wa maisha yake. Ramani ya nguvu za sumaku usiyoichora siku hizo hutaichora tena.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa Mpolandi mmoja anaitwa Bogdan, mtu mrefu, mwenye kikohozi, aliyevaa suruali za kufunga kwa kamba kama mtawa. Siku yangu ya kwanza aliniambia nivue saa, mkanda, hereni na vibanio vya nywele. Kisha akawa mwekundu, akatazama dari, akasema kwa Kifaransa chake kilichopinda, "Madamu, kuna pia... ile nguo ya ndani... ina waya." Akakimbia kumwita karani wa kike aje anieleze vizuri. Kuanzia siku hiyo nilivaa za pamba tu, na nilijua nimepata mwalimu asiyeacha kitu nje ya hesabu.

Mpango wangu wa kwanza nilimpelekea kwa majivuno. Nilikuwa nimepanga pointi zote za kupimwa ndani ya pipa, mstari kwa mstari, safi kama shamba la chai. Akausoma, akakohoa.

"Umesema utapima wapi. Utajuaje kwamba umekosea?"

"Sitakosea. Vihisi vya kupimia ni vipya."

"Sijakuuliza kama utakosea. Nimekuuliza utajuaje."

Nilikaa na swali hilo wiki nzima. Jibu lake ni rahisi, ila lazima mtu akulazimishe kulitafuta: kila mzunguko ukiisha, rudi pale ulipoanzia, upime tena mahali palepale. Kama namba imebadilika, kuna kitu kimetokea, simama. Kwenye sumaku kubwa tuliweka sehemu tatu za kurudia, moja katikati na moja kila mwisho. Ni kupoteza muda, kila mkuu wa ratiba atakuambia hivyo. Mwache aseme.

Jambo la pili alilonifundisha Bogdan ni kupanga kama mtu atakayefukuzwa katikati ya kazi. Pima kwanza kile ambacho bila hicho hamna ramani kabisa. Vya kupendeza weka mwisho. Kwa sababu muda mliopewa hautatimia, haujawahi kutimia popote.

Na jambo la tatu mmeliona wenyewe juzi tulipopanda Busasamana na dira. Mnakumbuka sindano ilivyogeuka tulipoiweka kwenye lile jiwe jeusi la volkano? Mmoja wenu, simtaji, alisema dira imekufa. Dira ilikuwa nzima. Jiwe lile lina chuma ndani yake, na dira ilikuwa inatueleza habari za jiwe. Kipimo kikisema jambo usilolitaka, usianze kwa kukitukana kipimo.

Siku hizi vijana wa maabara wana mashine za miale zinazoufuata zenyewe mkono unaobeba vihisi ndani ya pipa, na kompyuta inachora ramani wakiwa wanakunywa kahawa. Sisi mkono wetu uliundwa na Sadiki. Huyu alikuwa fundi mitambo, mtoto wa Birere, Goma, na tulijuana kwenye foleni ya chakula niliposikia mtu nyuma yangu akinung'unika, "Eh, hii sosi leo nayo iko maji tu." Niligeuka kwa furaha, nusura nimwage sahani. Tangu hapo tukawa kaka na dada. Alitengeneza mkono wa alumini, shaba na plastiki, na motokaa zake, yaani mota zake, ziliendeshwa kwa upepo wa kompresa, maana mota ya umeme karibu na sumaku ile inachanganyikiwa. Tulijenga pipa la plaiwudi uani, tukauzoeza mkono huo humo ndani, mvua na jua. Watu walipita wakidhani tunajenga banda la kuku.

Basi, mpango ukaandikwa, ukajadiliwa, ukaandikwa upya. Miaka ikapita ndani yake. Ikabaki miezi michache sumaku iwashwe.

Ndipo mama alipoanguka.

Aliteleza kwenye mawe nyuma ya nyumba Nyakiriba akibeba maji, nyonga ikavunjika, na hospitalini hapa Gisenyi kifua nacho kikashika homa. Nilipanda ndege haraka nikiwa na begi moja. Nilimkuta mdogo kitandani, yeye aliyekuwa akibeba debe la maharage kichwani huku akinikaripia. Nyumbani tulisema Kinyarwanda, lakini akiwa na maumivu alirudi kwenye Kiswahili cha Karagwe, sijui kwa nini.

"Umeiacha kazi?" aliniuliza.

"Nimeomba ruhusa. Bado kuna muda."

Muda haukuwepo. Ingrid, mwanamke aliyesimamia ratiba yote ya ujenzi, alinipigia nikiwa nje ya wodi nafua shuka. Mtambo wa kupoza ulikuwa tayari mapema kuliko tulivyotarajia, na vigunduzi navyo vilikuwa vimefika. Nafasi yetu ya kupima ilikuwa imewahishwa. "Ni sasa, Spesioza. Nikikuahirishia wewe, kila aliye nyuma yako anaanguka."

Hakuwa mtu mbaya. Kila alichosema kilikuwa kweli.

Nilimwambia mama, kwa sababu sikuwa na mwingine wa kumwambia. Akafumba macho. "Rudi. Mimi nina manesi."

Niliangalia ndege za Kigali. Nilipanga begi. Kisha akaniomba nimgeuze, na kumgeuza kulikuwa na namna yake: mkono mmoja chini ya bega, mto katikati ya magoti, taratibu, bila kumwambia "pole" maana pole zilimkera. Nilipomaliza nilikuwa najua siondoki. Nilitoa nguo kwenye begi, nikazirudisha kwenye msumari ukutani.

Bogdan nilimpigia asubuhi. "Siji," nilimwambia.

Nikasikia kikohozi. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu, na kifua chake hakikuwa cha kukesha kwenye ukumbi wa baridi.

"Basi nitasimamia mimi," alisema. "Sasa tutajua kama uliandika mpango au uliandika barua kwako mwenyewe."

Wanangu, maneno hayo yaliniuma, na yalikuwa na haki ya kuuma. Mpango unaohitaji aliyeuandika awe pembeni haujaisha kuandikwa. Nilipitisha siku zile nikijiuliza kila kitu nilichokiacha kichwani bila kukiweka kwenye karatasi. Nilikuwa namnywesha mama uji na moyoni nasema: je, niliandika kwamba mlango mkubwa wa ukumbi ufungwe kwa sababu baridi inabadilisha vihisi? Niliandika. Je, niliandika upande gani uanze? Niliandika.

Mwanzo kazi ilikwenda vizuri. Bogdan alituma ujumbe mfupi mfupi: "Katikati tayari." "Sadiki anaimba, maana yake upepo unatosha." Nilimsomea mama, naye akauliza Sadiki anaimba wimbo gani.

Kisha siku moja, mchana, nikiwa kwenye veranda ya wodi na beseni la maji machafu mkononi, simu ikalia. Nikaweka beseni chini.

"Tumewasha upya baada ya mapumziko," alisema Bogdan. "Katikati namba ni ileile. Mwisho wa kaskazini ni ileile. Mwisho wa kusini imepanda."

"Sana?"

"Kidogo sana. Lakini ni zaidi ya kile ulichoruhusu. Mpango unasema tusimame. Tumesimama. Ingrid yuko hapa, anataka kuongea."

Ingrid akachukua simu. Alisema pengine vihisi vimechoka, kwamba tofauti ni ndogo, kwamba waendelee na wataalamu wa hesabu wataisahihisha baadaye. "Ukisema tushushe umeme kutafuta kasoro, hatuwezi kuurudisha leo. Na nafasi yenu haiongezwi. Una uhakika?"

Nilifungua mdomo nijibu, simu ikakatika. Mnaujua ugonjwa wa simu za mji huu: ukikaa upande usiofaa, inavuka mpaka peke yake, inashika mtandao wa Kongo, na wewe umebaki hapa. Nilikimbia kupanda nyuma ya jengo, pale akina mama wanapoanika nguo za wagonjwa, nikasimama kwenye jiwe na mkono juu kama mtu anayeita mvua. Ikashika.

"Bogdan! Ni kihisi kimoja au vyote?"

"Vyote vya mwisho ule. Vya chini vimezidi."

Nikafumba macho nione ukumbi. Ingekuwa baridi, vihisi vyote vingebadilika, katikati na kaskazini pia. Ingekuwa kihisi kibovu, kingekuwa kimoja. Huku ni upande mmoja tu, na chini zaidi kuliko juu. Kuna chuma. Kuna mtu ameweka chuma karibu na sakafu, kusini.

"Kuna nini kipya upande wa kusini?"

"Hakuna kitu," alisema Ingrid kwa mbali.

"Nipe Sadiki."

Sadiki alikuja, nikamwomba azunguke nje ya kamba ya usalama, atazame kama mtu ambaye hajawahi kufika pale. Nikamsikia akitembea.

"Dada Spès, niko naangalia. Kaskazini iko vile vile... Bon. Niko kusini. Eh! Iko jukwaa hapa, mupya. Ya kusimamia, ya batu ba nyaya. Walifunga na boliti wakati wa mapumziko."

"Ya alumini?"

"Wameipaka rangi, mi siwezi jua kwa macho. Na kuvuka kamba, hapana, sumaku iko inawaka." Akafikiri. "Ngoja. Iko kipande yake ilibakia pale kwa meza. Usikate."

Nilisubiri. Mama mmoja aliyekuwa anakamua shuka akanitazama kwa huruma. "Mama, uko nagombana na bwana?"

"Hapana, mama. Niko nagombana na jukwaa."

Alitikisa kichwa, akaona ndoa yangu ni mbaya kuliko alivyodhani.

Simu ikarudi na sauti ya Sadiki, akihema na kucheka. "Nimetoa ile sumaku kidogo ya friji ya chai, ile ya umbo la ng'ombe. Nimeiweka kwa hicho kipande. Dada, ng'ombe imeshika! Iko chuma, chuma kabisa."

Hapo nikaomba Ingrid arudi. Watu wa nyaya walikuwa wameambiwa wafanye haraka, wakachukua jukwaa lililokuwepo, na wala halikuwa kosa la kumchapia mtu. Lakini jukwaa lile lingeondolewa wiki mbili baadaye, na ramani ingebaki na kivuli chake milele, ikieleza sumaku ambayo haipo.

"Shusheni umeme," nilisema. "Litoeni. Kisha rudieni mwisho wa kusini."

"Mtapoteza pointi za mwisho. Nyingi."

"Najua. Ndiyo maana ziliwekwa mwisho."

Nilisikia ukumbi ule, ule mngurumo wa pampu ambao mpaka leo nikiukumbuka moyo unalainika. Nilitamani niwe pale kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Halafu Ingrid akasema, si kwangu, kwa watu wake: "Shusheni."

Nilirudi wodini. Beseni langu lilikuwa limeshamwagwa na mtu mwema.

Jukwaa lilitolewa. Siku iliyofuata waliwasha tena, na mwisho wa kusini ukarudi kwenye namba yake ya kwanza, sawasawa. Bogdan aliniandikia neno moja tu, "Kusini", na nililielewa lote. Pointi za mwisho tulizikosa kweli. Lakini sumaku ina sheria zake: nguvu ya mahali hapa haiwezi kuwa namba yoyote tu, inabanwa na ya jirani zake. Ukizijua namba za jirani kwa uaminifu, pengo dogo unaweza kulijaza kwa hesabu. Zikiwa za uongo, hesabu inaueneza uongo wenyewe kila mahali.

Miezi iliyofuata nilirudi maabara. Pipa lilikuwa limeshajazwa na kufungwa. Sadiki alinionyesha mkono wetu umevunjwavunjwa kwenye masanduku, na plaiwudi ya uani imeoza. Walipoanza kugonganisha chembe, vijana walijaa mbele ya skrini wakishangilia, na chembe inayojulikana uzito wake siku nyingi ilitokea palepale inapotakiwa kutokea. Hakuna aliyetaja sumaku. Bogdan alinikanyaga mguu kwa furaha. Amekwishafariki sasa, yule mzee. Sadiki yuko, ana wajukuu, hupiga simu Krismasi na kunilalamikia baridi. Na mama alitembea tena, kwa fimbo, akavuna maharage misimu kadhaa kabla ya kutuacha.

Lakini nimeruka siku yenyewe, siku Bogdan alipopiga kusema wamemaliza.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa kwenye kiti cha mbao pembeni ya kitanda. Alisema, "Ramani ipo. Ni nzuri, Spesioza. Kalale." Nilimshukuru, nikakata, nikakaa na simu mapajani. Nilikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye mvi, mwenye watu chini yake huko Ulaya, na machozi yalikuwa yananitoka bila sauti kwa sababu ya pipa ambalo sikuliona likipimwa.

Mama alikuwa ananitazama. "Wamemaliza?"

"Wamemaliza."

"Na imekaa sawa?"

"Imekaa sawa, mama."

Akashika chuma cha kitanda, akauma meno, na yeye ambaye siku zote zile nilimgeuza mimi, akajisogeza mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka ukutani. Akapiga godoro kwa kiganja, pale palipobaki wazi.

"Panda hapa," alisema. "Lala."

Nesi alipita, akatuona, akaendelea na njia yake. Nilivua viatu, nikapanda. Kitanda kilikuwa chembamba, na mama alinukia dawa na sabuni ya kufulia. Nilipoamka jua lilikuwa limekwenda upande wa Goma, mkono wake uko juu ya kichwa changu, na alikuwa anamwambia mgonjwa wa kitanda cha pili, polepole asiniamshe, kwamba binti yake amechoka, ametoka kazini.